Ungo Mzima wa Maharagwe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tayari nilikuwa na binti wa miaka karibu sabini. Binti huyo ndiye nyanya yangu, aliyemzaa baba. Mambo yalikuwa hivi: nilipozaliwa nililia siku tatu, nikakataa titi, nikakataa usingizi, na watu wakaona kwamba kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Nyanya akanipakata, akaanza kutaja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, kama ifanywavyo kwetu Wajaluo. Alipomtaja Adoyo, mama yake mwenyewe, nikanyamaza. Mama yangu mzazi huongeza kwamba wakati huohuo ndipo nilipokubali kunyonya, lakini habari hiyo hakuna aliyeijali. Jina likawa langu, na nyanya, kwa kuwa hakuna mtu mwenye adabu anayemwita mamake kwa jina, akawa ananiita Mama. Mimi nilimwita Dani, jina ambalo wajukuu wa Kijaluo huwaita nyanya zao.

Tuliishi wawili tu, mimi na Dani, katika boma lililozungukwa na miwa pande tatu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini Awendo. Upande wa nne ulikuwa barabara ya vumbi, na trekta za miwa zilipita hapo mchana kutwa zikivuta trela zao mbilimbili. Baba alikuwa kibarua mjini, tukimwona Jumapili. Mama alikuwa Homa Bay akiuza omena, dagaa wa ziwani, na wadogo zangu walikuwa naye. Mimi niliachwa kwa Dani kwa sababu mzee hapaswi kukaa peke yake, na kwa sababu, walisema wote, mtoto anayelala kwa nyanya yake hujifunza kuongea. Kuongea ndiko hasa kulikonishinda.

Nilikuwa mwoga, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Darasani mwalimu akiuliza swali nililolijua, nililiandika jibu kwenye kiganja, kisha nikafunga ngumi. Kanisani niliwahi kupewa mstari wa kukariri, mfupi kuliko yote katika Biblia, nao ukanikwama kooni mbele ya watu mpaka nikatolewa nje nikilia. Dukani nilisimama mbele ya kaunta bila neno, hata mwenye duka, Mwislamu mmoja mpole aliyetoka pwani, akazoea kunitajia bidhaa moja moja huku mimi nikitikisa kichwa. Sukari? Chumvi? Mafuta ya taa? Watu walinitania, wala si kwa ubaya. Adoyo wa kwanza, walisema, alikuwa akisimama ufuoni Karachuonyo akiita mashua na watu wa ng'ambo wanamsikia. Huyu wa pili, sauti yake ilizikwa pamoja na yule wa kwanza. Nilicheka nao huku nimeinamisha kichwa, na moyoni niliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Dani alikuwa na miiko mingi. Usikae mlangoni, utazuia baraka. Usipige mluzi ndani ya nyumba, unaita nyoka. Usimruke mwenzako aliyelala, hatakua. Hii yote niliifuata bila taabu, lakini ulikuwapo mmoja nilioupenda kwa moyo wangu wote. Aliniambia siku moja tukichambua mboga, akizungumza kwa Dholuo, lugha yetu, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

"Mama, ukisikia sauti inakuita mara moja, nyamaza. Usiitike, usigeuke. Ngoja iite mara ya pili."

"Kwa nini, Dani?"

"Aliye hai akikuhitaji ataita tena. Aliyekufa ana pumzi moja tu. Ukiiitikia, unakwenda naye."

Mtoto mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi kupindukia. Hapo nilikuwa nimepewa sheria, tena na mtu mzima ninayempenda, inayoniamuru kufanya kile nilichotaka kufanya siku zote, yaani kunyamaza. Tangu hapo nikiitwa, na mtu yeyote, niliacha wito wa kwanza upite. Mwalimu alidhani masikio yangu yana kasoro. Mama Beryl, jirani yetu, alisema nina kiburi. Dani peke yake ndiye aliyejua ninachofanya, na aliniita mara mbili kila wakati, Mama, Mama, bila kukasirika hata siku moja.

Basi ikawa Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, kama saa nne asubuhi. Dani alikuwa amenikalisha kivulini kando ya jiko na ungo wa maharagwe, nitoe mawe na takataka, kwa kuwa maharagwe ya msimu ule yalikuwa ya sokoni na yalikuja na kokoto za kutosha kujenga choo. Mbuzi wetu alikata kamba akaingia kwenye miwa ya jirani. Mwenye miwa hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka ule alikuwa ameshazuia mbuzi wa watu wawili. Dani akajifunga leso kiunoni, akachukua kifimbo, akaniambia nisitoke hapo nilipo, akavuka ua wa nyuma akazama kwenye miwa. Nilisikia majani yakisuguana nyuma yake kwa muda, kisha yakatulia.

Niliendelea na kazi yangu. Kokoto huku, maharagwe kule. Ndipo nikaisikia.

"Mama."

Mara moja. Ilikuwa sauti nyembamba, wala sikuweza kusema imetoka karibu au mbali. Miwa ina tabia hiyo, huichukua sauti ikaichuja mpaka ikakosa mwenyewe. Sikugeuka. Mkono wangu ulisimama juu ya ungo, nikangoja ya pili.

Haikuja.

Nataka kusema kilichonipitia kichwani, maana kwa miaka mingi nimekipitia tena na tena. Kwanza nilisema, ni mzimu. Adoyo mwenyewe pengine, amekuja kudai sauti yake. Halafu nikasema, ni mtoto wa wakataji miwa anamwita mama yake, maana neno hilo ni la kila mtu. Halafu, na hili ndilo linaloniuma, nikasema: ikiwa ni Dani, ataita tena, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Moyo wangu ulijua sauti ile. Usiniulize ulijuaje. Mtu aliyelala ubavuni mwa mwenzake miaka minne anaijua hata pumzi yake. Nilijua, nikarudi kwenye maharagwe.

Niliyamaliza. Sikuharakisha wala sikuchelewesha. Nilitoa kila kokoto, kila kipande cha ganda, mpaka ungo ukawa safi kiasi kwamba yeyote angenisifu. Sikuwa na saa, kwa hiyo siwezi kusema ni dakika ngapi. Ninachoweza kusema ni ungo mmoja mzima wa maharagwe. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nimewahi kukaa jikoni kwangu na ungo wa kadiri ile na saa mezani, ili nijue. Nilisimama katikati nikauweka kando, sikutaka kujua tena.

Mbuzi ndiye aliyenitoa pale. Alirudi mwenyewe, akiiburuta kamba nyuma, akasimama mbele yangu akaanza kulia. Huyo hakujua sheria. Aliita mara tano, mara sita. Nikamtazama, nikatazama nyuma yake, na Dani hakuwapo.

Nilikwenda mpaka ukingo wa miwa. Hapo miguu ilikataa. Ile miwa niliiogopa tangu siku nilipofika. Ilinizidi kimo mara mbili, majani yake yanakata ngozi, na watoto wa shule walikuwa wamenihadithia kila kitu kinacholala ndani. Niliita, "Dani, Dani," mara mbili, ili ajue kwamba niitaye ni mtu hai. Kimya. Nakumbuka nilianza kulia wakati huo, kilio cha kawaida cha mtoto, na katikati ya kilio hicho nikasikia nikiitika. Niliitika ule wito wa zamani, uliokwisha poa. "Ee, Dani, nakuja," nikasema, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha sema, ikabidi niende.

Nilipita katikati ya mistari nimeinama, mikono mbele ya uso. Kila hatua nilisema nakuja, nakuja, nakuja. Nilianza kwa sauti ya chini, na kadiri nilivyozama ndani ndivyo ilivyopanda, mpaka nikawa napiga kelele ambazo sikujua ninazo. Nilikuwa naogopa sana, nisikudanganye. Woga haukupungua hata kidogo kwa ajili ya kelele. Ila nilikuwa nasonga.

Nilimkuta kwenye mtaro, pale ambapo shamba la jirani linapakana na shamba lililokwisha vunwa. Alikuwa ameteleza akiuruka mtaro, akaangukia visiki vya miwa. Kisiki kilichokatwa kwa panga huwa kimechongoka, na kimoja kilikuwa kimemtoboa nyama ya mguu chini ya goti, na kifundo kilikuwa kimegeukia upande usio wake. Alikuwa amelala kwa mgongo. Damu ilikuwa imelowesha udongo mpaka ukawa mweusi. Macho yake yalikuwa wazi, akanitazama, midomo ikasogea, lakini hewa haikutosha neno.

Nikapiga magoti. Akaigusa leso yake kiunoni kwa kidole, kisha akauelekeza mguu. Nikaelewa. Niliifungua leso, nikaizungusha juu ya goti, nikavuta.

"Kaza," akasema. Hilo lilitoka.

Nikakaza.

"Kaza, usiogope kuniumiza."

Nikakanyaga paja lake kwa mguu, nikavuta kwa mikono miwili mpaka akafumba macho. Kisha akauelekeza mkono upande wa barabara, na hilo pia nililielewa.

Trekta ya kwanza ilipita. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nimeinua mkono, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, na dereva hata hakunitazama. Nikawaza kwamba hivyo ndivyo nitakavyompoteza, kwa adabu. Trekta ya pili ilipotokea nilikwenda nikasimama katikati ya njia. Ilipiga honi. Sikuondoka. Ilisimama karibu sana, nikahisi joto la injini usoni, na dereva akashuka, mtu mnene asiyejua Kijaluo, ameshtuka na amekasirika kwa pamoja.

"We mtoto, unataka nikukanyage?"

"Dani ameumia," nikamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo shuleni nilikuwa siitoi mdomoni mpaka nichapwe. "Ako ndani ya miwa. Damu imetoka mingi."

"Dani ni nani?"

"Ni nyanya yangu. Kuja."

Alitazama trela zake mbili zilizojaa. "Nikiacha hii hapa, watu watachomoa miwa yote."

"Wacha wachomoe," nikasema. "Kuja sasa."

Sijui kama ni mimi niliyesema hayo. Dereva alinitazama kidogo, kisha akanifuata. Alimbeba Dani kwenye mikono kupitia miwa yote ile akihema, akazifungua trela palepale barabarani, akampandisha kwenye trekta, na mimi nikapanda nyuma yake nimemshika kichwa. Hivyo ndivyo tulivyofika hospitalini. Daktari alisema amepoteza damu nyingi na kwamba tungechelewa kidogo zaidi asingeahidi kitu. Alisema hivyo akimweleza baba, akidhani mimi sisikii. Nilisikia lile neno, kidogo zaidi, na nikajua lina ukubwa gani. Ukubwa wake ni wa ungo.

Sasa nikawa shujaa. Sijui niseme nini juu ya wiki zile. Hakuna wakati niliopendwa zaidi na hakuna wakati niliojichukia zaidi. Kanisani nilisimamishwa mbele, palepale nilipowahi kulilia, nikaombewa kwa kuwekewa mikono. Mwenye duka alinipa biskuti bila kunitajia kitu. Mama Beryl, ambaye alikuwa amenihamishia kwake baba akiwa kazini, aliichukua hadithi akaitembeza, na kila ilipotembea ilinenepa. Kwa Mama Beryl, niliitwa mara moja tu, nikatupa ungo juu, maharagwe yakaruka uwanjani, nikakimbia bila kuvaa hata kandambili. Alikuwa akiigiza kutupa ungo kwa mikono yake yote miwili. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa pembeni, nimenyamaza, na kwa mara ya kwanza kunyamaza kukaniuma.

Nami ningeendelea hivyo, najijua, kama mguu wa Dani ungepona. Haukupona. Kifundo kiliunganishwa, lakini kile kidonda kilitunga usaha, wakakisafisha, kikatunga tena. Homa ilipanda jioni na kushuka asubuhi. Mama alikuja kutoka Homa Bay, akakaa kando ya kitanda na uso wa mtu anayepiga hesabu ya mazishi. Siku moja nikawasikia yeye na Mama Beryl wakinong'ona neno chira. Kwetu chira ni ile adhabu inayomwandama mtu aliyevunja mwiko akaficha. Hukonda yeye, au hukonda mtu wa nyumba yake, dawa hazishiki, mpaka jambo lisemwe. Mama Beryl alikuwa akijiuliza ni nani katika ukoo aliyekosea, akataja mjomba fulani na mambo ya ua na ardhi. Nilikuwa nakula ugali. Nilisukuma sahani kando.

Nilikuwa na hakika. Hata leo sitamcheka yule mtoto. Aliona kwamba kidonda kinakataa kufunga kwa sababu yake, kwamba kuna kitu amekificha ndani ya mguu ule, na kwamba nyanya yake atakufa huku mjukuu akisifiwa. Nilijiuliza kama ninaweza kumwambia Mungu peke yake, faraghani, lakini Mungu alikuwa anajua tayari, basi hiyo haikuwa kusema.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wodini saa saba, wakati wa kutazama wagonjwa. Dani alikuwa amelala, mguu juu ya mito, uso umekuwa mdogo. Mama alikuwa upande mmoja. Mama Beryl alikuwa upande wa pili, na kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mgonjwa mpya aliyekuja na ndugu zake watatu, watu ambao hawajaisikia hadithi. Hilo lilimtosha Mama Beryl. Akaanza. Alipofika mahali pa kuinua mikono arushe ungo, nikasema:

"Haikuwa hivyo."

Nilisema polepole, lakini nadhani hakuna aliyewahi kunisikia nikimkatiza mtu mzima, kwa hiyo mikono yake ilibaki hewani.

"Unasemaje, Adoyo?" akauliza Mama.

"Sikuutupa ungo. Niliitwa, nikasikia. Nilijua ni Dani. Nikakaa nikachambua maharagwe yote mpaka yakaisha." Sauti ilianza kutetemeka lakini nilikuwa nimeshafika mbali, kurudi ingekuwa mbali vilevile. "Mbuzi ndiye aliyenifanya niende. Asingerudi ningekuwa bado nimekaa."

Mama aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuieleza, kisha akaangalia sakafu. Mgonjwa mpya alijifunika shuka mpaka kidevuni. Nilidhani Dani amelala, nikaomba awe amelala, kisha nikaona macho yake yako wazi na yananitazama mimi tu.

"Yote?" akauliza.

"Yote, Dani."

"Ulitoa na kokoto?"

"Nilitoa."

Kifua chake kikatikisika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka, na kwamba kucheka kunamuuma. Akaninyooshea mkono, nikausogelea, akanishika hapa, nyuma ya shingo, mahali anaposhikwa mtoto mdogo anayefundishwa kutembea.

"Sikiliza, Mama," akasema. "Mimi nilijua uko pale. Nilijua umenisikia na nilijua huji. Si nilikufundisha mwenyewe? Nikajaribu kuita mara ya pili, pumzi ikakataa. Nikalala pale, nikamwomba Mungu kitu kimoja. Nikasema, Baba, wengine wanaomba watoto wenye utii. Wangu mfanye leo akose adabu."

Nililia hapo mpaka sista akaja kuuliza ni nani aliyefariki. Dani akamwambia hakuna, ni mama yangu huyu, amechoka. Sista akamtazama mtoto wa miaka tisa, akamtazama bibi kizee, akaandika kitu kwenye karatasi yake, nadhani kuhusu homa.

Nilipotulia nilimuuliza jambo jingine lililokuwa likinisumbua. Nilimuuliza pale mtaroni alikuwa akimwita nani. Mimi, au mama yake mzazi, kama watu wote wafanyavyo wakiumia. Dani alifikiri. Alikuwa mtu wa kuyafikiria maswali ya watoto.

"Sijui," akasema mwishoni. "Niliita mama. Ukaja wewe."

Ningependa kuandika kwamba kesho yake kidonda kilifunga. Sivyo. Kilichukua wiki nyingine tano, na dawa nyingine, na daktari mwingine aliyezikasirikia zile dawa za kwanza. Mama Beryl aliamini mpaka mwisho kwamba ni maneno yangu yaliyomponya, na akaiongeza sehemu hiyo kwenye hadithi yake, mahali pa ungo. Mimi sibishi. Najua tu kwamba siku ile niliyosema, nilikula, na nikalala usingizi mzima. Dani alirudi nyumbani na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake. Wajukuu wengine walipokuja Desemba aliwakusanya akawatangazia kwamba mwiko wa wito mmoja umefutwa. "Mkiitwa, itikeni," aliwaambia. "Akiwa ni mzimu, mwambieni mna kazi."

Sauti yangu haikufunguka siku ileile kama mfereji. Niliendelea kuandika majibu kwenye kiganja mpaka darasa la saba. Lakini jambo moja lilikuwa limebadilika, nami nililijua peke yangu. Nilikuwa nimeshaona kwamba naweza kusema neno linalonishusha mbele ya watu wanaonipenda, na nikabaki mzima, tena nikashikwa shingo. Kusimama mbele ya trekta sikuwahi kuhitaji tena maishani. Lile jingine nimelihitaji mara nyingi: kazini, katika ndoa, mbele ya watoto wangu nikiwa nimewakosea. Kila mara huanza kwa mtetemeko uleule wa sauti, na kila mara huwa naamini kwamba safari hii sitaweza. Watu huita hiyo nguvu ya ndani. Mimi nikiwa ndani yake huiona kama woga tu, ule wa zamani, ila umekubali kutembea.

Dani alifariki nikiwa mtu mzima, nikifanya kazi Migori. Niliomba ruhusa nikaenda kukaa naye wiki zake mbili za mwisho. Mguu ulikuwa wa mwisho katika mambo yaliyomsumbua. Alikuwa amezeeka tu, amechoka, na akili yake ilikuwa imeanza kwenda na kurudi. Aliita mchana kutwa. Mama. Mara moja, kisha kimya, kisha baada ya kitambo tena, mara moja. Mara nyingi hakuwa na haja ya chochote. Nikifika hakunitambua kila wakati; alinitazama kwa macho ya mtoto, na niliona kwamba aliye mbele yake si mimi, ni mtu wa Karachuonyo niliyemjua kwa jina tu. Mwanzoni nilitaka kumwambia, Dani, ni Adoyo, mjukuu wako. Halafu nikaacha. Kila alipoita niliweka chini nilichoshika, nikaitika ee, nikaenda.